Waridi na Biwi Lake

Waridi la Naivasha lisifiwapo katika soko la Aalsmeer, Uholanzi, husifiwa kwa urefu wa shina lake na ukamilifu wa kichwa chake. Hakuna aulizaye habari za majani yaliyopukutwa, mashina yaliyopogolewa, na maua yaliyokataliwa kwa kupinda shingo. Hayo hubaki shambani, nayo ni mengi. Kwa kuwa mkulima wa maua hulima uzuri, na uzuri ni bwana mchaguzi kupita kiasi.

Yakitupwa ovyo hunuka; yakichomwa huwa moshi; akilishwa ng'ombe, yaweza kumtia dawa ya wadudu tumboni. Mwenye busara huyarundika. Katika 1931 Albert Howard na Yeshwant Wad, waliofanya kazi Indore katika Bara Hindi, walitoa kitabu juu ya taka za mashamba, na kabla ya miaka kumi kupita wakulima wa kahawa wa Kenya walikuwa wakiifuata njia yao. Jambo si geni, basi, katika nchi hii. Lililo geni ni waridi.

Shina la waridi ni mti. Haliozi upesi mpaka likatwekatwe vipande vidogo na kuchanganywa na majani mabichi au samadi, hata kaboni iwe kama sehemu 25 au 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Biwi likipata maji ya kadiri na hewa, hufukuta lenyewe. Fukuto hilo ndilo kiini cha kazi. Lisipofika nyuzi 55 za Selsiasi na kudumu siku kadhaa, vijidudu vya maradhi husalia hai, na mkulima huurudisha shambani kwa mkono wake ugonjwa alioutoa jana. Kwa hiyo biwi hupinduliwa, ya nje yapate kuingia ndani. Alipinduaye alfajiri, mvuke ukimpanda usoni, ameshika afya ya shamba zima. Sifa humwendea afungaye maua.

Mboji haitoshi peke yake. Mawaridi mengi siku hizi hupandwa katika makumbi ya nazi au mawe ya pumisi, yakinyweshwa chumvi zilizoyeyushwa. Mboji hufaa zaidi penye udongo. Lakini bei ya mbolea za viwandani ilipopaa katika 2022, wakati wa vita vya Urusi na Ukraini, biwi lilipata heshima hata kwa waliolidharau. Tena mboji huachilia chakula chake polepole. Chumvi izidiyo haja ya mmea huteremka na maji, ikalisha gugumaji; na Ziwa Naivasha halina mto utokao. Kiingiacho humo hakina mlango ila chini ya ardhi.