Kivuli cha Jiko

Kila kaskazi inapokaribia kukatika, mwezi wa Februari na Machi, jua la pwani yetu huzipiga kuta nyeupe likarejea machoni kama sindano. Wakati huo mimi hukimbilia msikitini, penye kuta nene za mawe, mkeka na feni.

Juma lililopita, baada ya adhuhuri, nilisomesha darsa juu ya ruhusa aliyotupa Mtume (s.a.w.) ya kuichelewesha sala hiyo joto linapokuwa kali. Nikaieleza kwa kirefu huruma iliyomo. Kisha nikarudi nyumbani kula.

Nilimkuta ahali yangu ameketi kizingitini mwa jiko, leso imerowa jasho, ameshika kichwa, na sufuria ya wali ingali motoni.

"Maalim," akasema, "nipishe nipate upepo."

Mama zangu, jiko hilo lilikuwa la makuti. Ni mimi niliyeyaondoa nikaezeka mabati, nikajivunia kwamba halivuji tena. Kwa miaka miwili sikuwahi kusimama chini yake saa sita za mchana. Siku ile nilimpa maji, nikamlaza barazani, nikaingia kuungoja ule wali ukauke. Dakika kumi hazikutimia. Utosi ulikuwa ukichemka, nikatoka.

Hakuwahi kunilalamikia, nami nilikuwa nimeuhesabu ukimya wake kuwa ni raha.

Sasa tumetandaza makuti juu ya mabati, na chakula cha mchana hupikwa kabla ya saa tatu asubuhi. Wali naula umepoa.