Fundi Kwanza, Video Baadaye

Wasee, Kamukunji kuna mafundi wa jua kali wanaojiundia mashine zao za kukunja bati kwa vyuma chakavu. Sasa jirani akikopi, tunasema tu, "biashara ni hivyo." Zii! Sheria ya Kenya ya 2001 inampa fundi haki. Hataza, yaani patenti, inalinda uvumbuzi miaka 20. Hata kifaa kilichoboreshwa kidogo, mradi ni kipya, kina cheti chake cha miaka 10 pale KIPI. Anayetaka kukiunda aombe ruhusa, alipe.

Lakini fundi akishakionyesha hadharani, ana miezi 12 tu ya kuomba. Kwa hivyo sisi wa kamera, kabla ya kuposti tumuulize: ushasajili? Video itasahaulika kesho. Ile mashine ni karo ya watoto wake.