Shukrani Nisizostahili

Nilimuuzia mtoto mwenye kisukari pakiti ya glukosi, nikamwambia mama yake aikoroge kwenye maji na kumnywesha mara kwa mara apate nguvu. Nimelitanguliza hilo ili nisipate nafasi ya kulizungukazunguka.

Nina duka la dawa muhimu hapa Maneromango. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi msaidizi, na wateja wengi huniita dokta. Sikuwahi kuwakataza. Jina hilo lilinizoesha kujibu kabla sijauliza.

Mama yule alikuja mara ya kwanza wakati wa vuli, homa zimetanda kila nyumba. Mwanawe wa darasa la pili hana nguvu, alisema, hachezi, amekonda hadi kaptura ya shule inamdondoka. Nikampa dawa ya mseto bila kumwambia ampeleke kwanza akapimwe malaria. Akiwa anaondoka akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba mtoto ameanza tena kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani, na asubuhi sisimizi hulijaa shuka kabla hajawahi kulifua. Nilisikia vizuri kabisa. Nikamjibu kwamba sisimizi hupenda unyevu, na mtoto akiumwa hudeka.

Aliporudi alikuwa amembeba mgongoni, mtoto mkubwa vile. Midomo imekauka, anatapika, anaomba maji kila dakika. Alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu aliyetoka kukimbia, ilhali amelala tuli mgongoni mwa mama yake. Pumzi yenyewe ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Nilidhani amekula maembe. Hapo ndipo nilipounyanyua mkono rafuni, nikashusha glukosi.

Leo naweza kueleza kilichokuwa kikitokea ndani ya mwili ule. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huzigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua polepole, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka, mtoto akiwa anacheza tu. Insulini ikipungua sana, sukari hujaa kwenye damu isiingie mahali inapohitajika. Figo huimwaga kwa mkojo, na mkojo huvuta maji. Ndiyo kiu ile, ndio sisimizi wale. Mwili uliokosa sukari ya kutumia huanza kuchoma mafuta yake, na mabaki yake, ketoni, huitia damu asidi. Mtoto hutapika, na huhema vile mwili ukijaribu kuipunguza asidi hiyo. Naye katika hali hiyo mimi nikamwongezea sukari.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, aliyekataa kusubiri glukosi ifanye kazi akaita bodaboda. Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, na mashine haikuonyesha namba yoyote. Ilionyesha tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Aliwekewa dripu na insulini. Alipona kifo, lakini atajichoma sindano maisha yake yote.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Waliporudi nyumbani, mama yake alikuja dukani kunishukuru. "Dokta, ile glukosi yako ndiyo iliyomshikilia mpaka tukafika." Wakati huo nilishajua. Habari za kisukari zilikuwa zimenifikia kabla yake, na usingizi ulikuwa umenipaa. Nikasema, "Tumshukuru Mungu." Akaniachia fungu la mihogo. Niliipokea, nikaipika, tukala.

Nilijitetea moyoni kwamba ugonjwa huu ni nadra. Ni kweli, kwa namna fulani. Watafiti waliofuatilia Dar es Salaam kwa miaka kumi, wakachapisha matokeo mwaka 1993, waliona wagonjwa wapya 1.5 tu kwa mwaka katika kila vijana na watoto 100,000, wakati Finland miaka hiyo walikuwa zaidi ya 30. Nilishikilia namba hiyo kama cheti cha kuachiwa huru. Kisha nikamfikiria mtoto aliyezikwa na kuandikiwa malaria, ambaye hakuna aliyemtoboa kidole. Huyo yumo kwenye hesabu gani? Na wangapi walipita dukani kwangu?

Nikasoma pia habari za mji wa Parma, Italia. Kuanzia mwaka 1991 madaktari walibandika mabango mashuleni yenye picha ya mtoto akikojoa kitandani, wakiwaambia wazazi na walimu waulize kuhusu kiu na mkojo. Kati ya watoto waliogunduliwa na kisukari, waliofika wakiwa na asidi ile damuni walipungua kutoka 78 katika kila 100 hadi 12 au 13. Mabango tu, na swali ambalo mama yule alikuwa ameshanijibu bila hata kuulizwa.

Nilimwendea nyumbani nikamweleza yote: mseto, sisimizi, glukosi, mihogo. Alikuwa anamenya mihogo mingine, akaendelea kumenya. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai neno hilo. Alichouliza ni, "Na mdogo wake je?"

Nilimwambia ukweli. Kwa hesabu za Ulaya na Marekani, kama watoto 5 kati ya 100 wenye ndugu mgonjwa huja kuugua nao. Yapo vipimo vya damu vinavyotafuta kingamwili zinazolishambulia kongosho. Watoto 7 kati ya 10 wenye aina mbili au zaidi za kingamwili hizo huugua ndani ya miaka 10. Ipo pia dawa, teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo katika majaribio ilichelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili. Inaumiza kumwambia mtu hayo akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, akijua kama ninavyojua mimi kwamba hapa Maneromango hakuna anayemtafutia mtoto kingamwili. Insulini yenyewe na vitepe vya kupimia huwafikia watoto bure kupitia mpango wa Chama cha Kisukari Tanzania na wafadhili wake, na hilo ndilo linalomweka hai mkubwa.

Kwa mdogo tulikubaliana jambo moja: akianza kukojoa kitandani, kuamka usiku kutafuta maji, au kukonda, apimwe sukari. Na dukani mtoto yeyote mwenye dalili hizo simuuzii kitu. Namwandikia mzazi karatasi ya kwenda nayo kituo cha afya. Nilimwonyesha ya kwanza: "Apimwe sukari." Akaisoma, akanirudishia. "Andika apimwe leo," alisema. "Kesho mimi nilikuwa namzika mwanangu."