Chungu cha Sinda na Hesabu ya Siku



Mvua za Septemba zirudipo juu ya Kisangani, mafua, au gripi kama wengi wetu tusemavyo, nayo hurudi. Hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Tuna mazoezi ya kwaya, ambamo watu 40 hubanana chini ya bati huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo, na mmoja akikohoa leo, wiki ijayo wanakohoa kumi.

Hivi karibuni msichana mmoja wa kikundi chetu alinionyesha katika simu jinsi Wazungu wanavyopika dawa ya mafua kwa tunda dogo jeusi la mti uitwao sureau kwa Kifaransa. Akauliza tungeupata wapi. Mti huo si wa misitu yetu, wala sioni haja ya kuusikitikia: matunda yake mabichi hutapisha, ndiyo maana wenyewe huyapika kwanza. Sisi tuna sinda, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita mchaichai, nayo huota nyuma ya nyumba nyingi, Mangobo hata Kabondo.

Mimi huchukua majani yake ya kujaa kiganja, nikayakata; tangawizi vidole viwili, nikaviponda; maji lita moja na nusu. Chungu hufunikwa, kwa maana harufu inayotorokea jikoni ndiyo tuliyotaka kuinywa. Dakika kumi juu ya makala zatosha. Kisha naepua, nangoja kinywaji kipoe hadi mdomo ukivumilie, ndipo nakamua ndimu na kutia kijiko kimoja cha asali katika kila kikombe. Asali hutufikia kutoka msituni katika chupa za bia, mara nyingi imefungwa nyuma ya toleka. Nyingine imeongezwa sukari iliyochemshwa, na sijapata kumwona mtu awezaye kuitambua kwa macho tu, ingawa kila muuzaji hudai kwamba yeye anaweza.

Kinywaji hiki hufanya nini? Mafua huletwa na virusi, ambavyo aina zake ni zaidi ya 200, na sinda haiviui. Mwili wenyewe huvishinda, kwa kawaida katika siku saba hadi kumi. Maji hurudisha yaliyotoka kwa jasho, asali hulainisha koo, tangawizi hupasha kifua, na mgonjwa huona kwamba kuna mtu aliyewasha moto kwa ajili yake. Kwangu hiyo si kazi ndogo. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, hata ya kulambishwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia, nazo hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Wala mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria inayotoa mvuke. Ikimwagika, tutakuwa tumebadilisha mafua kwa majeraha ya moto.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, haiko ndani ya chungu. Iko katika siku zinazopita chungu kikiwa mekoni. Nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa malaria, na malaria huanza kama gripi: kichwa, viungo, baridi, joto. Mtoto mwenye homa akisubirishwa sinda siku tatu anaweza kufikia degedege na upungufu wa damu, ilhali tone moja la damu ya kidole lingetoa jibu katika nusu saa. Wapo watakaonijibu kwamba artemisia nayo ni jani. Kweli. Tu Youyou wa China alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutoa dawa ya malaria katika mmea huo. Lakini angalieni alivyofanya: kuchemsha hakukumfaa, akabadili njia, akatumia kimiminika kisichohitaji moto mkali. Kikombe cha artemisia cha nyumbani hakina kipimo, na dawa pungufu huwazoeza vimelea kuistahimili.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, huiweka mimea ya ardhi na kazi ya tabibu mahali pamoja bila kuvigombanisha. Sioni kwa nini sisi tuvigombanishe.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa ng'ambo, Lubunga, alikohoa tangu Pasaka hadi karibu na Julai. Kila nyumba ilimletea jani lake. Alikonda, usiku shuka zikalowa jasho, na minong'ono ikaanza kwamba ametupiwa kitu. Mama yake hakuwa mzembe. Alichemsha asubuhi na jioni. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kikohozi kinachopita wiki mbili chataka makohozi yapimwe, na kwamba dawa za kifua kikuu nchini kwetu hutolewa bure. Kijana mwenyewe alikuwa amejifunza hayo shuleni. Aliogopa kuonekana. Basi nikavuka mto kwa mtumbwi, tukaenda pamoja kwenye kituo cha afya cha upande huu, ambako hakuna aliyemfahamu. Yalikuwa makohozi ya kifua kikuu. Alimeza vidonge miezi sita. Watu wa nyumbani kwao walipopimwa, mdogo wake wa kike naye akakutwa na ugonjwa, naye akatibiwa, akapona.

Mama yule angali anachemsha sinda. Lakini ukutani jikoni kwake, juu ya jiko la makala, huchora kwa kipande cha kaa mstari mmoja kila asubuhi mtu wa nyumba akohoapo. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta mistari minne ya mjukuu wake, na mwenye mistari alikuwa uani akicheza mpira.