Daktari wa Kupasua Watoto

Watu wengi hudhani ya kuwa daktari awezaye kumpasua mtu mzima aweza vile vile kumpasua mtoto mchanga, ila kwa kisu kidogo zaidi. Sivyo. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 ana damu ipatayo robo lita tu, ambayo haijazi chupa ya soda. Mtu mzima hutoa karibu mara mbili ya hiyo kumchangia mgonjwa, kisha akanywa chai akaenda zake. Tena mtoto hupoa upesi, nasi wakazi wa vilima vya Kasulu twaijua baridi ya usiku wa mwezi wa Julai. Dawa yake ya usingizi hupimwa kwa uzito wake, wala hawezi kusema ni wapi panapomuuma.

Wako wazaliwao bila tundu la haja kubwa, na wako wazaliwao na matumbo nje, au na mgongo wazi. Wengi wao hupona wakifika mapema kwa mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Wala si kisu peke yake kimtakacho: huko Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya za watoto, na baadaye ikaonekana kuwa dawa huuponya kuliko upasuaji. Hivyo mpasuaji mwema ni yule ajuaye pia wakati wa kukiweka kisu chini.

Sisi twafundisha karibu na Mtabila, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hata mwisho wa mwaka 2012, na ambapo sasa pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Msichana mmoja wa kidato cha 2 alituambia kwamba ataka kazi hii. Nyumbani kwao alizaliwa mtoto asiye na tundu, akafa siku ya 5, nauli ya kwenda Mwanza ikiwa bado yatafutwa.

Baba yake alikuja shuleni, akasalimu kwa adabu, akauliza, "Walimu wangu, huyu atasoma mpaka awe bibi?"

Swali hili si la kuchekwa. Tuliketi naye tukahesabu. Kidato cha 3 na cha 4, miaka 2. Cha 5 na cha 6, miaka 2. Udaktari miaka 5. Mazoezi hospitalini mwaka 1. Kisha Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, hutaka miaka 2 ya kwanza na mingine isiyopungua 3, naye hujifunza huku akifanya kazi hospitalini. Jumla ni miaka 15, asipofeli wala kungojeshwa. Na katikati huenda akaitwa Jeshini, pengine papa hapa Mtabila! Binti ana miaka 15; basi atakuwa na 30.

"Na nani atamlisha?"

Tulimweleza kuwa ada ya kidato cha 5 na cha 6 imeondolewa tangu mwaka 2022, na kwamba iko Bodi ya Mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Godoro, sare na nauli hazikuondolewa, hayo hatukumficha. Katika mwaka wa mazoezi ataanza kupata posho. Akanyamaza kitambo, akasema kwamba maharage ya msimu huu hayakuwa mabaya, lakini yuko pia mtu aliyekwisha kuleta habari za posa.

Hapo tulisema wazi kuliko ilivyo desturi yetu kwa wazee: posa yaweza kungoja, lakini Fizikia haingoji, maana aiachaye akiingia kidato cha 3 huwa amejifungia mlango huu.

Binti ameandika Fizikia na Kemia katika orodha yake. Baba hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alituomba tu ile hesabu tumwandikie katika karatasi, aende nayo nyumbani akamsomee mama yake.