Ngoma ya Waingereza na Ushahidi wa Daftari

Iko ngoma ya zamani ya Uingereza iitwayo Morris. Wachezaji hufunga njuga miguuni, hushika vitambaa vyeupe au fimbo mikononi, na huruka pamoja kwa kufuata filimbi au kinanda. Watu wengi wameamini kwamba ngoma hiyo ni masalio ya ibada za wahenga, kabla ya dini ya Kikristo kufika katika nchi ile.

Aliyeieneza sana fikira hiyo ni Bwana Cecil Sharp, mwalimu wa muziki. Tarehe 26 Desemba 1899 alikuwa mgeni kwa mama mkwe wake huko Headington, karibu na Oxford, ndipo wanaume wa Headington Quarry wakaja kucheza mbele ya nyumba. Msimu wao ulikuwa Pentekoste, si Krismasi. Lakini kazi ya uashi ilikuwa imesimama wakati wa baridi, nao walihitaji fedha kidogo. Sharp alimwita mpiga kinanda wao, William Kimber, akaziandika sauti za nyimbo zake. Tangu mwaka 1907 akachapisha vitabu, na ngoma iliyokuwa karibu kufa ikahuika.

Kwa kazi hiyo astahili shukrani. Lakini kuhifadhi jambo ni mbali, na kujua asili yake ni mbali. Wataalamu wa baadaye, kama John Forrest na Michael Heaney, hawakutosheka na masimulizi. Walifunua maandishi ya kale: wasia, hesabu za miji, na matumizi ya makanisa. Habari ya mapema waliyoipata ni ya mwaka 1448, nayo haitaji ibada yo yote: chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji shilingi 7. Karne iliyofuata, wazee wa kanisa la Kingston upon Thames waliandika gharama za viatu vya wachezaji. Yaonekana, basi, kwamba ngoma ilianzia kwenye karamu za wakubwa, ndipo ikashuka vijijini.

Huenda wachezaji wengine wakahuzunika, kana kwamba wamenyang'anywa heshima. Lakini miaka zaidi ya 500 iliyothibitika si haba, tena yapita maelfu ya kudhania. Karani yule wa masonara hakujua kwamba anaandika historia. Alikuwa akifunga hesabu yake tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata ngoma ni mali.