KUFANANA KWA IBADA NA SWALI LA KIJANA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza baada ya darasa: "Sheikh, nimesoma kwamba Wana wa Israili walichukua kuchinja na kutahiri kwa majirani zao waabudu masanamu. Sasa dini imetoka wapi?" Nikamkemea mbele za watu. Hakurudi tena. Wallahi kosa lilikuwa langu. Sikuwa na jibu, nikajificha nyuma ya kilemba.

Nikakaa nikasoma. Kufanana kupo kweli. Ugarit ni mji wa kale wa pwani ya Syria, ulioanza kufukuliwa mwaka 1929. Vibao vyake vya udongo vinaita sadaka ya kuchinja kwa herufi d-b-h. Kiebrania ni zebah, nasi twasema dhabihu. Neno ni moja. Tohara nayo ilikuwepo Misri, na kitabu cha Yeremia kinawataja Wamisri, Waedomu, Waamoni na Wamoabu pamoja na Yuda katika waliotahiriwa.

Lakini tazama wa Ugarit walimchinjia nani: Baal na wenzake. Baal huyo ametajwa katika Surat As-Saffat, pale Nabii Ilyas (a.s.) alipowalaumu watu wake kwa kumwomba yeye na kumwacha Muumba.

Na Surat Al-Hajj, aya ya 34, inatufundisha kuwa kila umma uliwekewa ibada ya kuchinja. Basi tukikuta athari zake kwa jirani, ajabu iko wapi? Watu hupokea ya haki, kisha wakayachanganya na shirki.

Kumbukeni Safa na Marwa. Washirikina waliweka masanamu pale, hata baadhi ya Masahaba wakaona uzito kufanya sai. Ikateremka aya ya 158 ya Al-Baqara kuwaondolea uzito huo. Masanamu yakaondoka, sai ikabaki.

Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa kijana wangu. Juzi nilikutana naye dukani, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nitakuja, Sheikh." Bado namsubiri.

Walimu wenzangu, wazazi, mtoto akiuliza, msimfukuze. Kama hujui, sema "Allahu a'lam", kisha nenda ukasome.

Ewe Mola, tuzidishie elimu na subira. Amin.